Boga la Baridi

Melania hakuonja. Aliponda boga mpaka likalainika, akamimina maziwa, sukari na iliki, kisha akamnyooshea jirani yake kijiko aonje badala yake.

"Mpishi gani huyu haonji?" Mwamvua akamtania. "Au nawe umefunga siku hizi, Mama Bonfils?"

Melania akatabasamu kidogo tu. Sufuria ilikuwa ya Mwamvua, na mafiga yalikuwa ya Mwamvua, nyuma ya nyumba yake pale Ujiji. Barafu ilitoka Katonga, kwa wauza samaki, na bado ilinukia migebuka. Akaitia kwenye beseni, akaikalisha sufuria katikati, akaifunika kwa gunia.

Kijana alikuwa na vidonda mdomoni. Chakula cha moto hakikumpita kooni.

Alikuwa ameshuka jana kwenye boti ya wakimbizi kutoka ng'ambo ya ziwa, akiulizia nyumba ya Melania. Alisema yeye ni Bonfils, mwanawe aliyempotea njiani walipokimbia vita, miaka minne nyuma. Aliyepotea alikuwa mtoto. Huyu alikuwa na ndevu. Lakini alilijua jina la marehemu baba. Alijua mbuzi walilala upande gani wa nyumba. Na shingoni alivaa rozari ambayo Melania mwenyewe aliiunga kwa uzi mwekundu ilipokatika.

Mwamvua alimuuliza anangoja nini kumkumbatia. Melania alijibu kwamba vita huchanganya watu, na macho yake hayaamini tena.

"Nitampa boga," alisema. "Hapo nitajua."

"Hilo kweli, dada. Mtoto hasahau chakula cha mama yake."

Jua lilipopinda, walimkalisha kijana kwenye mkeka, barazani kwa Mwamvua, wakamwekea bakuli. Alilitazama bila kuligusa. Melania akashika ukingo wa mkeka, midomo ikimcheza kwa sala isiyo na sauti.

Kijana akachota. Akameza polepole, kisha kwa pupa, mpaka kijiko kikakwangua bakuli.

"Ni lile lile, Mama," alisema. "Nimeliota njia nzima. Hakuna anayelipika kama wewe."

Mwamvua akapiga kigelegele, akaingia ndani akijifuta machozi kwa upindo wa khanga ili awaache peke yao.

Melania alilichukua bakuli, akalijaza tena, akalirudisha mbele ya kijana. Katika ukoo wa marehemu mume wake boga haliliwi tangu enzi za mababu. Halikuwahi kuvuka kizingiti chake, na Bonfils alilijua hilo tangu akiwa anatambaa.

"Kula, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Ukishiba, utaniambia ulimzika wapi."