Waangalizi Wawili wa Tafi

Majibu sitini, na yote yalilingana. Mwongeli aliyapitia mara ya tatu, kidole kwenye kioo cha kompyuta, akiombea angalau tofauti moja. Hakuiona.

Tafi ni samaki wa matumbawe wanaotembea wawili wawili. Mmoja akiingiza kichwa kwenye ufa wa matumbawe kula, mwenzake husimama akilinda, kisha hubadilishana zamu. Mwongeli, mtafiti wa viumbe wa baharini, alikuwa amewarekodi kwa miaka mitatu, akapata video sitini. Yeye na msaidizi wake Okinyi walitakiwa kuhesabu zamu hizo, kila mmoja kivyake, bila kuchunguliana. Macho ya watu wawili hayaoni sawasawa. Hesabu lazima zipishane hapa na pale. Zikilingana zote, kuna mtu amenakili. Na kesho asubuhi jopo la chuo lingeziona.

Alimwita Okinyi ofisini kwake, ghorofa ya tano, katikati ya jiji. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka sita, na Mwongeli ndiye aliyemsimamia harusi. Iliuma kweli.

"Video ya arobaini na moja, maji yametibuka," alisema. "Samaki hata hawaonekani. Wewe umeandika kumi na saba. Yangu pia ni kumi na saba. Nieleze."

Okinyi alikodoa macho. "Dokta, naapa sijaona list yako. Hata password sina."

"Kwa hivyo hizo zamu kumi na saba uliziona?"

Okinyi aliangalia viatu vyake, kisha akainua kichwa. "Na wewe, Dokta? Uliona nini hapo?"

"Mimi ndiye nauliza. Nilikuchukua kama ndugu, Okinyi, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Kusanya vitu vyako."

Alivikusanya. Alipotoka, Mwongeli alirudia maneno yake kichwani. Hana list, hana password, na mtu huyu alikuwa hajui kudanganya. Taratibu uchungu wake ukageuka, ukatafuta mtu mwingine.

Saa tisa alasiri alifika Kenyatta Market, akapita vibanda vya nyama choma bila kugeuka, moja kwa moja hadi kwenye saluni ya Selpher. Selpher alikuwa fundi wa video pale ofisini mpaka mradi ulipompunguza kazini. Siku hizi alisuka nywele. Alipomwona Mwongeli, alipangusa kiti haraka.

"Karibu, Dokta. Leo tunasuka nini?"

Mwongeli hakukaa. Machozi yalikuwa yanamlenga, na hakutaka wateja wasikie.

"Kati ya watu wote, Selpher, wewe," alisema kwa sauti ya chini. "Kama ulikuwa unanihesabia mimi na Okinyi pia, si ungebadilisha hata namba mbili tatu?"