Rehani ya Konokono

Paliondokea Konokono mmoja mjuaji. Tarehe mosi Machi alikopa fedha kwa Siafu ili ajenge vibanda vya kupangisha, akaweka rehani gamba lake mwenyewe. Aliwaza moyoni: nyumba ambayo mwenyewe hawezi kutolewa ndani yake, nani ataichukua?

Vibanda havikupata mpangaji hata mmoja. Tarehe thelathini Juni, Siafu waliwasili kimya, wakajipanga mlangoni.

“Shikamoo, mzee. Tumefuata nyumba yetu.”

“Marahaba, wajukuu. Ichukueni, mkiweza kunitoa!”

“Nani kasema utoke?” walijibu maelfu yao kwa sauti moja, taratibu. “Wewe tulia tu. Sisi tunaingia.”

Tarehe mosi Julai gamba lilikuwa pale pale, safi na jepesi, nao Siafu wakimwonyesha Buibui, aliyetafuta nyumba ya kupanga, jinsi lisivyovuja.