Ada ya Lifti

Mwenyekiti wa kamati ya wenye nyumba alifika ghorofa ya sita akihema kama mbuzi aliyeponea kuchinjwa, kanzu imemganda mgongoni. Mkononi ana barua: Bi Thuwaiba hajalipa ada ya lifti, na maji yake yatabaki yamefungwa mpaka alipe.

"Lifti ipi?" aliuliza Bi Thuwaiba. "Hiyo iliyokupandisha wewe?"

"Mwanzo nipe maji, Bi Thuwaiba. Roho inanitoka."

Akamtazama tangu kofia ya viua mpaka makubadhi. Ndiye huyu aliyemfungia maji kwa mkono wake, Jumatatu, huku anacheka. Lakini mgeni akiomba maji hanyimwi, hata awe fedhuli.

Akenda jikoni, akarudi na sinia. Juu yake glasi ya harusi ya bintiye, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe.

"Karibu."

Mwenyekiti akafunua kwa pupa. Glasi ilikuwa kavu, inang'aa.

"Nimefungua mfereji, nikakinga. Ndiyo yaliyotoka hayo. Kunywa, Mwenyekiti."

Akainama kuchungulia. Tone la jasho likamdondoka puani, likaingia ndani ya glasi.