Babu wa Kuazima

Wembe ulimkata Anyisile kidole, tone la damu likadondoka karibu na sikio la babu.

"Futa haraka!" kaka yake, Tuntufye, alinong'ona. "Usimtie doa. Wa kuazima huyo."

Anyisile alifuta kwa ncha ya kanga, akanyonya kidole, akaendelea kukata. Boksi la sabuni lilikuwa gumu na wembe umeshaanza kuwa butu. Kila upande wa fremu ulitaka vipande vitatu, kimoja juu ya kingine, ili upatikane unene wa mbao. Gundi ya unga wa ngano ilikuwa bado ya moto kwenye sufuria. Saa nne na nusu. Kikao cha ukoo saa saba.

Fremu ya zamani ilikuwa chini ya kitanda, imevunjika vipande vipande. Asubuhi Tuntufye aliitoa chumbani kwa bibi kimyakimya, akaifunga nyuma ya pikipiki aipeleke mjini kubadilishwa kioo. Kabla hajafika lami, pikipiki ikaingia shimoni. Fremu ikaruka, picha ikalala kifudifudi kwenye tope. Alipoipangusa, uso wote wa babu ukatoka na kitambaa. Ikabaki tai.

Na picha ilikuwa hiyo hiyo moja, dunia nzima.

"Siku zote za mwaka, ukachagua leo," Anyisile alisema.

"Nilitaka ing'ae."

"Imeng'aa kweli."

Leo ukoo ulikuwa unamkabidhi baba yao, Sylvester, shamba la kakao la babu kule Ngonga. Kwao, mrithi husimama mbele ya picha ya mzee, akalitaja shamba, na wazee wakaitikia. Baba mdogo Nsajigwa, mtoto wa mdogo wake babu, alishatamka mbele za watu: picha isipokuwepo mezani, basi mzee amekataa, shamba lije upande wake. Mwaka mzima alikuwa anatafuta sababu. Hii angeipokea kwa mikono miwili.

Ndiyo maana Tuntufye alikimbilia kwa Kheri, mwenye studio mjini, anayetunza hadi leo boksi la picha ambazo wateja wa marehemu baba yake hawakurudi kuzichukua. Alipekua mpaka akampata kijana mmoja mwenye tai, paji pana, masikio yamechomoza. Baba yao mtupu!

"Anafanana na baba, kwa hiyo anafanana na babu," alimwambia dada yake. "Hesabu ya darasa la pili."

"Ni nani lakini?"

"Fundi wa meli pale Itungi, zamani hizo. Kheri anasema alipigwa picha, akahamishwa. Hawezi kuja kuidai leo."

Nani angejua? Babu alikufa baba yao hajaanza hata kutambaa, Nsajigwa hajazaliwa. Picha yenyewe iliishi chumbani kwa bibi, juu kabisa, imefifia kama chai ya msibani. Aliyebaki anayeijua ile sura ni bibi Atupele peke yake, na bibi siku hizi macho yanaona ukungu.

Anyisile alibandika vipande, akavikandamiza kwa pasi ya mkaa hadi vikatoa mvuke. Tuntufye alipaka kiwi ya kahawia, akasugua kwa soksi mpaka boksi likafanana na mninga. Kioo wakakipata kwenye mfuko wa shuka jipya, ile nailoni ngumu, wakaikata na kuichomeka. Kona moja ilikuwa bado mbichi. Anyisile aliishikilia kwa vidole viwili, akipuliza.

Nje, mabenchi yalikuwa yanaburutwa.

"Sylvester!" Sauti ya Nsajigwa hiyo, imewahi saa nzima. "Mzee yuko wapi tumsalimie? Au kasafiri?"

Watu wakacheka. Baba yao hakucheka.

"Yupo ndani, mama anamleta," alijibu.

Tuntufye akamtazama dada yake. Kabla hajasema kitu, pazia likafunguka, bibi Atupele akaingia na fimbo yake, kitambaa cha kanisani kichwani.

"Ukutani sijamkuta," alisema. "Mmempeleka wapi?"

"Huyu hapa, bibi. Tumembadilishia fremu."

"Mbona inanuka viatu?"

"Dawa ya mchwa hiyo," Tuntufye alisema.

"Gwe, mchwa wa wapi wanavaa viatu?" Bibi akanyoosha mkono. "Lete."

Anyisile aliachia ile kona taratibu. Haikufunguka. Bibi aliishika fremu mbali, akaileta karibu, akaisogeza dirishani, akaileta karibu zaidi, mpaka pua ikagusa nailoni. Fimbo ikamponyoka, ikagonga sakafu. Hakuiokota.

Tuntufye alianza kuhesabu njia za kutokea. Mlango mmoja, dirisha moja lenye nondo.

"Bibi," Anyisile alisema, "ngoja tukueleze..."

"Nyamaza."

Mlango wa nje ukagongwa. "Mama mkubwa!" Nsajigwa aliita. "Watu wamekaa. Tunamwona mzee au hatumwoni?"

"Atakuja!" bibi alijibu kwa sauti kali ambayo wajukuu hawakuwahi kuisikia. "Hata mtu mzima hapewi nafasi ya kujifuta vumbi?"

Akausukuma mlango wa chumba, akatia komeo. Akaikumbatia ile fremu kifuani, kiwi ikamchafua gauni jeupe la kanisani, wala hakujali. Akawageukia wajukuu.

"Nani kawaambia?" alinong'ona. "Hata baba yenu mwenyewe hajui."