Mwaka Walipofuta Pendulamu

Siku hizi karatasi ya kanuni za fizikia haichapwi. Mwanafunzi wa kidato cha nne anawekewa kichwani kabla ya mtihani, na inakaa humo maisha yake yote. Kila Januari inarekebishwa. Kanuni iliyofutwa inafutika vichwani mwa wote waliowekewa, pamoja na kumbukumbu zilizoshikamana nayo.

Mwaka huu wamefuta pendulamu.

Mume wangu alifundisha fizikia miaka thelathini, naye aliwekewa karatasi hiyo. Asubuhi nilimkuta sebuleni ameshika mkasi, anatazama jiwe linaloning'inia darini kwa uzi.

"Mama Lugano, nani kafunga hiki kitu hapa?"

"Wewe na Lugano, wiki moja kabla hatujamzika."

Alitabasamu kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa habari za mtoto wa jirani. "Kumbe Lugano alipenda fizikia?"

Nikamnyang'anya mkasi. Mimi niliishia darasa la saba, sikuwekewa chochote. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu jiwe likienda na kurudi mara ishirini, wao wakiangalia saa, na kila siku nilikosea. Likiachiwa tu, mimi nasema moja. Mwanangu alicheka mpaka akakohoa. "Mama, likiachiwa ni sifuri. Bado halijaenda popote."

Nikalivuta jiwe kando.

"Angalia saa, Baba Lugano."

"Niangalie nini?"

Nikaliachia. "Sifuri," nikasema, na hakuna aliyecheka.