Jaribio la Tatu la Mama Anwar

Kwa mujibu wa fomu, Mwajabu alikuwa ameshamuua mwanawe mara mbili.

Mara ya kwanza alichukua dakika moja na nusu kuitoa kalamu kwenye kisanduku, na Anwar, aliyelazwa mkekani ajifanye amevimba koo, alikuwa akicheka. Mara ya pili aliishika juu chini akajichoma kidole gumba. Ilikuwa kalamu ya mazoezi, isiyo na dawa wala sindano ndani, lakini alilia kama aliyechomwa kweli.

Nesi wa utafiti, Kokuberwa, aliandika "amechelewa" mara zote mbili bila kumtazama usoni.

Utafiti wenyewe ulikuwa na swali moja: mzazi wa kawaida, akiwa nyumbani kwake, anaweza kumchoma mtoto mwenye mzio dawa kabla pumzi haijakatika? Familia arobaini za Temeke zilipewa kisanduku cha bluu chenye kalamu ya dawa, yaani sindano yenye umbo la kalamu. Aliyeshindwa majaribio matatu alikirudisha, kikaenda kwa mwingine anayesubiri.

Hakuna duka la dawa alilokwenda Mwajabu akaikuta kalamu ile. Na mwaka jana, kwenye walima hapo hapo Mtoni, Anwar alionja kipande kimoja cha kamba wa baharini, akabadilika rangi akiwa amepakatwa na mama yake. Tangu siku hiyo Mwajabu alilala sikio likiwa kwenye pumzi za mtoto.

"Jaribio la tatu sitakwambia naanza saa ngapi," Kokuberwa alikuwa amemwonya. "Na mgonjwa nitakuwa mimi. Anwar ameshatuzoea."

Jumamosi hiyo Anwar alikuwa madrasa. Mwajabu alikuwa amesimama mashineni tangu alfajiri kusaga ulezi wake, nyuma ya mama mmoja mwenye debe zima la unga wa lishe, mahindi na karanga na soya, ambalo lilipita kwanza kwenye mashine hiyo hiyo na halikuisha upesi. Aliporudi mgongo ulikuwa unamuuma. Alikuwa anakoroga uji Kokuberwa alipobisha hodi.

Nesi alikuwa na vumbi mpaka magotini. Ilikuwa nyumba yake ya nne, na jua lilikuwa limeshapanda. Aliacha begi mlangoni, akakaa mkekani kama mzigo ulioshushwa. Kisha, kama kawaida yake, akakivuta kisanduku kutoka kando ya mtungi wa maji, akakifungua, akasoma tarehe ya dawa, akakifunga.

Mwajabu alikuwa amempa mgongo, lakini alijua kinachofanyika. Kabla ya jaribio, Kokuberwa huitoa kalamu ya kweli na kuweka ya mazoezi, kimyakimya. Kwa nje zilifanana kama pacha. Basi ni leo, akajisemea.

"Leo utakunywa uji," alisema, ili asikie sauti yake mwenyewe. "Miezi saba unatoka kwangu mkavu, sista. Majirani watasema umeniogopa, mie mchawi."

Kokuberwa alitabasamu kwa uchovu. Siku zote alisingizia masharti ya kazi. Lakini hakuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi, na kikombe kilikuwa kimeshafika mkononi. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko kikombe cha uji kinavyotazamwa.

"Ni ulezi mtupu?"

"Mtupu. Nimesaga mwenyewe leo."

Akanywa. Akafungua daftari na kuanza maswali yake ya kila mwezi: mtoto amewashwa, amevimba, amekohoa? Mwajabu akajibu hapana, hapana, hapana. Katikati ya swali la nne Kokuberwa akajikuna shingo. Akakohoa. Akaandika neno moja, kalamu ya wino ikamponyoka.

"Mama Anwar," alisema, na sauti ilikuwa imebaki nyembamba kama uzi. Kisha akaanguka ubavu.

Mwajabu akaweka mwiko chini.

Kwa mara ya kwanza hakutetemeka. Mwanawe alikuwa madrasa, mzima, akisoma na wenzake. Huyu alikuwa mtu mzima tu anayeigiza, tena kwa ufundi kumshinda Anwar: hata midomo alijua kuivimbisha. Mwajabu akaitazama saa ya ukutani, akafungua kisanduku, akataja hatua kwa sauti kama alivyofundishwa.

"Namlaza chali. Nainua miguu. Natoa kifuniko. Paja, upande wa nje."

Akaikandamiza kalamu juu ya sketi mpaka ikalia *ta*, akahesabu mpaka kumi bila kuruka hata moja.

"Sekunde arobaini, sista. Andika hiyo."

Kokuberwa hakuandika. Machozi yalimtiririka kuelekea masikioni, na alivuta pumzi kama anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu. Mwajabu akamwacha amalize mchezo wake. Akachukua kipepeo cha ukili akampepea, kwa kuwa moyo wake ulikuwa mwepesi ghafla, na kwa kuwa nesi alionekana amechoka kweli.

Dakika kadhaa zikapita. Ndoo ikaanza kupanda bila tabu.

"Kondo," Kokuberwa akanong'ona. "Mwite Kondo."

Kondo alikuwa dereva wa bajaji wa mtaa wa nyuma. Jina lake liliandikwa kwenye hatua ya mwisho ya maelekezo: baada ya dawa, hospitali. Mwajabu akacheka.

"Hata Kondo? Mara zile mbili tulimtaja tu kwa mdomo."

"Mwite."

"Namwita. Ila kwanza unitilie saini, usije ukaghairi."

Akalivuta begi kutoka mlangoni, akafungua zipu ili atoe fomu. Juu ya fomu, ndani ya mfuko wake wa nailoni ambao haujafunguliwa, ilikuwa imelala kalamu ya mazoezi.