Ndege Hawafungi

Fundi aliacha suruali ya Mbelgiji kwenye cherehani akarudi nyumbani kuchukua mkasi, na hapo akasikia mchele ukipepetwa nyuma ya jiko. Mchana wa Ramadhani! Watu wa Gisenyi watasema nini?

Alizunguka nyumba kwa hasira, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Zaituni! Mi niko nafunga, we uko unapika?"

Ndege waliruka wote hadi juu ya ua. Mkewe alikuwa amechuchumaa na ungo, chenga zimetapakaa miguuni pake.

"Sipiki, bwana. Ni chenga tu, za hawa ndege. Wamezoea kula saa hii. Wao hawafungi."

Ndege mmoja, inyamanza, alirudi, akitikisa mkia wake mrefu, akadonoa karibu kabisa na kiatu cha fundi. Fundi hakuthubutu kusogeza mguu. Hasira ilimtoka, akaanza kutabasamu.

Ndipo alipoona kiazi kitamu kwenye pindo la kanga ya mkewe, kimeumwa upande mmoja.

"Na hicho? Ndege gani anauma hivyo?"

Zaituni aliushika mkono wa mumewe, ule uliowashonea watoto wa watu nguo za Idi miaka yote, akauweka taratibu tumboni mwake.

"Na huyu pia hafungi."